Siku ya Kazi ya Mpigapicha wa Habari za Televisheni: Mwongozo Kamili, kuanzia Kukagua Kamera hadi Kukabidhi Picha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza kupiga picha za habari katika kituo cha televisheni kinachohudumia mji au mkoa mmoja, ambako mpigapicha ndiye huyo huyo dereva, fundi wa sauti, mtu wa taa, na mara nyingi mhariri wa picha. Siku moja katika kituo cha namna hii inaweza kuwa na kikao cha halmashauri asubuhi, moto mchana na mechi jioni, na zote tatu zinatakiwa ziwe tayari kabla ya taarifa ya habari ya usiku. Nitafuata mwendo wa siku yenyewe, lakini sitazipa hatua zote nafasi sawa, kwa sababu ziko zinazoeleweka kwa aya moja na ziko zinazotaka maelezo marefu.

Kuna jambo moja ningependa msomaji alishike tangu sasa, kwa kuwa ushauri wote unaofuata unatokana nalo. Picha ya habari hupigwa ili ikatwe na kuunganishwa na nyingine. Anayebonyeza kitufe cha kurekodi bila kujua picha hiyo itatanguliwa na ipi na kufuatwa na ipi hukusanya picha nyingi na kurudi na habari kidogo. Anayejua hurudi na robo saa tu ya picha, na mhariri akaijenga habari nzima bila kuhangaika.

Kabla ya kutoka: kagua kila kifaa kwa mikono yako

Fika kazini mapema kabla ya kikao cha asubuhi. Kamera katika vituo vingi hutumiwa kwa zamu, na aliyeitumia jana usiku huenda alibadili mipangilio kwa sababu nzuri kabisa kisha hakuirudisha. Iwashe, rekodi sekunde 30 huku ukizungumza kwenye kila kipaza sauti utakachokibeba, kisha rudisha nyuma na uitazame na kuisikiliza rekodi yote. Jaribio hili fupi hufichua kadi ya kumbukumbu yenye hitilafu, waya uliokatika ndani kwa ndani, betri iliyokufa katika kipaza sauti kisicho na waya, na alama ya kidole kwenye lenzi. Usiridhike na kuona vipimo vya sauti vikipanda na kushuka, maana vitapanda na kushuka hata kama kinachoingia ni mngurumo wa waya mbovu. Vaa hedifoni usikilize.

Betri ziwe tatu zilizojaa kwa uchache, na kadi ziwe mbili au zaidi. Ni vyema kuijua hesabu ya kadi zako badala ya kukisia: kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hujaza takribani gigabaiti 22 hadi 25 kwa saa moja, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inatosha kwa saa mbili na zaidi kidogo. Kadi isifutwe kamwe kwa dhana kwamba picha zake zimekwisha kuhamishwa. Fungua hifadhi ya kituo uzione kwa macho yako, ndipo uifute, na uifutie ndani ya kamera itakayoitumia badala ya kompyuta.

Kagua pia kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga. Mahali ambapo umeme wa gridi una masafa ya hezi 50, shata ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde huzuia taa zisipepese kwenye picha. Pale penye hezi 60, tumia sehemu 1 ya 60. Mpigapicha wa michezo aliyeongeza kasi jana ili kunasa mpira anaweza kukuachia picha za ofisini zinazotetema kwa mistari, na kasoro hiyo ni vigumu kuiondoa baadaye. Hakikisha saa na tarehe za kamera ni sahihi, kwani siku ambayo picha zako zitatakiwa kama ushahidi wa jambo lilitokea lini, hutakuwa na nafasi ya kurekebisha.

Kama lenzi ya kamera yako hutolewa na kubadilishwa, fanya na jaribio la fokasi ya nyuma. Vuta karibu hadi mwisho kwenye kitu kilicho mita chache mbele yako, weka fokasi kali, kisha rudi hadi upana wote bila kugusa kitu kingine. Picha ikififia upande wa upana, lenzi haijakaa sawa na inahitaji kurekebishwa kabla hujatoka, kwa sababu kwenye kioo kidogo cha kamera, chini ya jua kali, hutaiona kasoro hiyo kabisa.

Mfuko wa pembeni uwe na karatasi nyeupe, kitambaa cha lenzi, kifuniko cha mvua, gundi ya utepe, kurunzi, betri ndogo za vipaza sauti na fulana yenye kuakisi mwanga. Kamera ya begani pamoja na lenzi na betri inaweza kuwa na kilo 7 hadi 10, nawe utakuwa nayo kutwa nzima. Chagua viatu kwa kuzingatia hilo.

Kikao cha asubuhi: uliza kinachoonekana

Wapigapicha wengi hukaa kimya katika kikao hiki wakisubiri kuambiwa waende wapi, nami naona hilo ni kosa linalodhoofisha habari kabla haijaanza. Waandishi na wahariri hufikiria habari kwa maneno. Wewe ndiye mtu pekee katika chumba kile unayelipwa ili uifikirie kwa macho. Uliza ni nini kitakachoonekana hapo mnapokwenda, nani ana mamlaka ya kuwaruhusu kuingia, habari itachukua sekunde ngapi hewani, itarushwa saa ngapi, na kama mwandishi ataunganishwa mubashara kutoka eneo la tukio. Kikao cha bajeti ya maji, kwa mfano, hakina picha zaidi ya watu walioketi kuzunguka meza. Picha za habari hiyo ziko kwenye mabomba, kwenye mashine za kusukuma maji na kwa watu watakaoilipa bajeti hiyo, na kuyasema hayo asubuhi ndiyo njia ya kupata muda wa kuyafuata mchana.

Kufika: anza na kitakachotoweka

Egesha gari likiwa limeelekea njia ya kutokea, mbali na njia ya magari ya zimamoto na ya wagonjwa. Shuka na kamera ikiwa tayari mkononi. Kisha jiulize ni kitu gani hapa hakitakuwepo baada ya dakika tano, na hicho ndicho cha kwanza kupigwa: moto, moshi, mtu anayeingizwa ndani ya gari la polisi, mama anayemwona mtoto wake akitolewa salama. Jengo litakuwepo. Msemaji wa polisi atakuwepo, na kwa kawaida atawasubiri. Stendi ya miguu mitatu inaweza kubaki garini kwa dakika hizo za mwanzo, kwa kuwa picha inayotikisika kidogo ya jambo lililotokea kweli ina thamani kuliko picha iliyotulia ya majivu.

Kwenye moto, simama upande ambao upepo unatokea ili moshi usikujie, na ujue njia yako ya kurudi kabla hujainua kamera. Ukitazama ndani ya kioo kwa jicho moja, jicho la pili liache wazi. Ulimwengu wa ndani ya kioo hudanganya kuhusu umbali, hasa lenzi inapokuwa upande wa upana, ambapo ukuta unaokaribia kuanguka huonekana kuwa mbali. Utepe uliowekwa na polisi au zimamoto usiuvuke bila ruhusa. Ukiona umewekwa mbali mno, zungumza na afisa aliyepo kwa heshima na umweleze unachohitaji kuona, kwani wengi watakuonyesha pembe nyingine nzuri ukiwauliza vizuri.

Kupiga picha zinazokatika

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua mfano wa bomba kuu la maji lililopasuka barabarani, na fundi mmoja ameshuka ndani ya shimo kulifunga. Anayeanza kazi husimama ukingoni, akarekodi dakika tatu mfululizo huku akivuta karibu na kurudi mbali. Mhariri akipokea dakika hizo tatu hupata picha moja tu, ndefu, isiyokuwa na mahali pa kukatwa.

Fanya hivi badala yake. Kwanza piga picha ya upana inayoonyesha barabara, shimo, maji yanayotiririka na fundi akiwa mdogo katikati ya vyote, ili mtazamaji ajue yuko wapi. Kisha sogea kwa miguu yako, si kwa lenzi, na upige mikono yake peke yake: spana inavyoshika nati, vidole vinavyoteleza kwa matope, maji yanavyobadilisha njia nati inapokaza. Kisha uso wake. Kisha kile anachokitazama, yaani ufa wenyewe. Mwisho simama nyuma ya bega lake, ili mtazamaji aone mikono na ufa kutoka mahali anapovionea yeye. Picha hizi tano, zilizopigwa kwa pembe tofauti na ukubwa tofauti, zinaweza kuunganishwa kwa mpangilio wowote, na zikiunganishwa zinampeleka mtazamaji ndani ya shimo.

Kila picha ishikilie bila kuitikisa kwa sekunde 10, ukihesabu kimoyomoyo tangu picha ilipotulia. Sekunde 10 zinaonekana nyingi unapokuwa umesimama kwenye maji, lakini mhariri atahitaji sekunde chache mwanzoni na mwishoni za kuchezea, na mara nyingi jambo zuri hutokea katika sekunde ya saba, wakati mwenye haraka amekwisha kuzima. Kama ni lazima uizungushe kamera au kuvuta karibu, anza kwa picha iliyotulia na uishie kwa picha iliyotulia, ili mhariri asiyeutaka mwendo wako awe na picha mbili nzuri.

Kazi nyingi za mikono hujirudia, na kurudia huko ni msaada mkubwa kwako. Fundi atageuza spana mara nyingi. Kwa hiyo ipige mara ya kwanza kwa upana, mara ya pili kwa karibu, na mhariri ataziunganisha kama kitendo kimoja. Mtazame kwanza hadi uujue mwendo wake, kisha uweke kamera mahali atakapofika na umsubiri aingie. Mwache pia atoke kwenye fremu kabla hujazima. Mtu aliyetoka kwenye fremu kabisa anaweza kuonekana mahali pengine katika picha inayofuata bila kumshtua mtazamaji, lakini mtu aliyekatwa akiwa shimoni na papo hapo akaonekana garini huonekana ameruka hewani.

Kwa sababu hiyo hiyo, chora akilini mstari unaounganisha watu wawili wanaozungumza, au unaofuata mwelekeo wa kitu kinachosafiri, na ubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, waandamanaji waliokuwa wakienda kulia wataonekana wakirudi kushoto, na wazungumzaji wataonekana kama wote wawili wanatazama upande mmoja. Ikibidi kuuvuka, piga picha moja ukiwa juu ya mstari wenyewe, yaani watu wakija moja kwa moja kwenye kamera, ili mhariri aitumie kama daraja.

Piga na picha za kukatia: majirani wanaotazama, ndoo zilizopangwa, saa ukutani, gari lililokwama. Lakini ziwe za kweli. Jirani anayeonekana kutazama shimo awe alikuwa akilitazama shimo hilo, siyo simu yake. Habari ya sekunde 90 yenye picha za wastani wa sekunde nne hivi hutumia zaidi ya picha 20, na nyingi kati yake hazitakiwi kurudiwa; ukiijua hesabu hiyo hutaondoka eneo la tukio na picha sita. Kabla ya kuondoka, jiulize una picha gani ya kufungulia na ipi ya kufungia. Kama hukupata jibu, hujamaliza.

Kuhusu mwanga, sawazisha rangi nyeupe kila unapohama kutoka nje kwenda ndani na kurudi, kwa kujaza fremu na karatasi nyeupe iliyopigwa na mwanga ule ule utakaomwangukia mtu. Kwa kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa mchana uko karibu na 5600, na taa za balbu za zamani ziko karibu na 3200, kwa hiyo aliyesahau hurudi na nyuso za buluu au za machungwa. Alama za milia, zinazotokea kwenye kioo cha kamera mwanga unapofika kiwango ulichokipanga, ziangalie kwa akili. Kipimo cha mwanga cha asilimia 70 kinachofundishwa sana kwa ngozi ya uso kilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Ukiilazimisha ngozi nyeusi ifike hapo, utaifuta sura yake na kuunguza mandhari yote ya nyuma. Ngozi nyeusi hupendeza kwa kipimo cha chini ya hapo, na husaidiwa zaidi na mwanga laini wa pembeni unaoacha mng'ao kwenye shavu na paji la uso kuliko kwa kufungua lenzi. Jua likiwa kali mno, tumia vichujio vya kupunguza mwanga vilivyomo ndani ya kamera, na shata uiache ilipo.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha mbaya kwa muda kuliko anavyovumilia sauti mbaya. Kipaza sauti cha mkononi au cha kifuani kiingie katika njia ya kwanza ya sauti ya kamera, na kipaza sauti cha kamera kiwe katika njia ya pili, ili sauti ya mazingira isikose kamwe hata kama ile ya kwanza imekatika. Weka kiwango ili maneno yenye nguvu zaidi yafike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Katika mfumo wa dijitali, sauti inayogonga sifuri hukatwa kileleni, na iliyopotea hapo hairudi kwa ufundi wowote.

Sikiliza mazingira kama unavyoyatazama. Spana inayogonga chuma, maji yanayofoka, msimamizi anayepaza sauti kuita wenzake: hizi ndizo sauti zinazoweza kufungua habari bila neno la mwandishi hata moja. Zirekodi ukiwa karibu, nawe ukae kimya. Nusu dakika ya ukimya wa chumba mlichofanyia mahojiano irekodiwe pia, kwa kuwa mhariri ataihitaji kuziba mapengo kati ya maneno aliyoyakata.

Mahojiano

Tafuta mahali kabla ya kumleta mtu. Epuka dirisha lenye mwanga nyuma yake, ukuta mtupu uliogusana na mgongo wake, na jokofu au kiyoyozi kinachonguruma. Mlete mbele ya mahali panapoeleza habari, naye awe mbali kidogo na kilicho nyuma yake ili sura yake ijitenge. Kamera iwe sawa na macho yake; ukimpiga kutoka juu humfanya mdogo, ukimpiga kutoka chini humpa ukubwa ambao hukukusudia kumpa. Mwandishi asimame bega kwa bega na lenzi, ili macho ya mhojiwa yapite karibu na kamera na yote mawili yaonekane, na fremu iachwe na nafasi zaidi upande anaotazama.

Kipaza sauti cha kifuani mwombe akipitishe mwenyewe ndani ya nguo, nawe ukibane upana wa kiganja chini ya kidevu, mahali ambapo mkufu, skafu au kola havitakisugua. Acha kitanzi kidogo cha waya chini ya kibano, ili waya ukivutwa mvuto usifike kwenye kipaza sauti. Kisha mwombe ataje jina lake kamili, alitamke tahajia yake herufi kwa herufi, na cheo chake, huku kamera ikirekodi. Sekunde hizo zinatosha kupima sauti, na zinakilinda kituo dhidi ya aibu ya kuandika jina la mtu kimakosa mbele ya mkoa mzima.

Anapozungumza, usibadilishe ukubwa wa fremu katikati ya jibu. Subiri swali linalofuata, ndipo usogee karibu au urudi, ili mhariri aweze kuunganisha majibu mawili bila kichwa kuruka. Mahojiano yakiisha usizime haraka. Watu wengi husema jambo lao la maana wanapodhani kazi imekwisha. Lakini haki inakutaka wajue kwamba kamera bado inarekodi, na akiuliza mwambie ukweli.

Mhojiwa aliyefiwa au kujeruhiwa anahitaji uangalifu wa pekee. Simama mbali kwanza, mwache mwandishi azungumze naye bila kamera, na akikataa, kubali. Kanuni za maadili za chama cha wapigapicha wa habari cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1946, zinataka wahusika watendewe kwa heshima na utu, na wahanga wa maafa wapewe uangalifu zaidi. Zinakataza pia kuyabadilisha matukio kwa makusudi unapoyapiga picha. Hili la pili linavunjwa kila siku katika mambo madogo. Kumwambia fundi "ingia tena shimoni ufanye kama mwanzo" ni kutengeneza tukio. Ukikosa picha, umeikosa. Tafuta nyingine iliyo ya kweli.

Uangalifu si sawa na kuficha. Mohamed Amin, mpigapicha kutoka Kenya, alipopiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, na BBC ikazirusha tarehe 23 Oktoba 1984, dunia ilitoa msaada kwa sababu iliona nyuso za watu. Swali la kujiuliza unapoinua kamera mbele ya maumivu ni kama picha hii inamsaidia mtazamaji kuelewa yaliyompata mtu huyu, au inamtumia tu.

Kurusha mubashara

Fika mapema kuliko unavyoona inahitajika. Kifaa cha mgongoni kinachounganisha laini kadhaa za simu hufanya kazi vizuri hadi umati unapojaa na kila mtu anatumia simu yake, kwa hiyo jaribu mawasiliano na chumba cha kurushia matangazo kabla watu hawajakusanyika, na uwe na mahali pa pili pa kusimama. Mwandishi asikie sikioni sauti ya studio bila sauti yake mwenyewe. Sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa, atababaika katikati ya sentensi. Mawimbi ya satelaiti husafiri zaidi ya kilomita 35,000 kwenda juu, na nyingine kama hizo kurudi, na kifaa cha simu kinaweza kuchelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo mkumbushe asubiri swali liishe na ukimya ufuate kabla ya kujibu.

Gari lenye mlingoti wa antena lina hatari yake, na hapa sina ushauri wa kati na kati. Toka nje ya gari, tazama juu, tazama kila upande, usiku tumia kurunzi, na usiunyanyue mlingoti kama kuna nyaya za umeme karibu kuliko urefu wa mlingoti wenyewe. Wafanyakazi wa televisheni wamekufa kwa kunyanyua mlingoti ukagusa nyaya. Unapopanda, mtu asimame akiutazama hadi utakapotulia, na gari lisisogezwe ukiwa juu. Ukigusa waya, aliye ndani ya gari abaki ndani na asiguse chuma, na aliye nje asilisogelee, hadi watu wa umeme wathibitishe kwamba umezimwa. Kama gari linawaka moto na hakuna budi kutoka, aruke miguu miwili pamoja bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua ndogo za kuburura miguu.

Kukata na kutuma

Rudini mkiwa mmekubaliana garini juu ya sauti zitakazotumika, kwa sababu mwandishi akianza kuandika bila kujua una picha gani, ataandika sentensi zisizo na picha. Mwambie uliyonayo. "Nina mikono yake inakaza nati, na maji yanakatika ghafla" ni taarifa inayoweza kuwa mwanzo wa habari yake.

Hamisha kadi zote kwanza, hakikisha zimefika, ndipo uanze kukata. Jenga kwa sauti: weka maneno ya mwandishi na ya wahojiwa, acha nafasi ya sauti za mazingira, kisha funika kwa picha. Usiunganishe picha mbili za ukubwa ule ule na pembe ile ile ya mtu yule yule. Ukibaki na dakika tano na habari ina mashimo, shikilia picha nzuri kwa muda mrefu zaidi badala ya kujaza picha dhaifu. Tazama habari yote mara moja bila kusimamisha, ukiwa na hedifoni, na usome majina yaliyoandikwa chini ukiyalinganisha na tahajia uliyoirekodi. Ukituma kutoka nje ya kituo kwa intaneti, piga simu usikie mtu akisema ameifungua na inacheza hadi mwisho. Kuona faili limefika hakutoshi.

Kabla ya kwenda nyumbani

Betri ziwekwe kwenye chaji, vipaza sauti vitolewe betri ndogo, lenzi ipanguswe, na stendi iliyokanyaga matope au maji ya chumvi isafishwe leo, kwa kuwa kesho itakuwa imekwama. Mipangilio uliyoibadilisha irudishe. Kifaa chenye hitilafu kifungwe utepe wenye maelezo ya kasoro kamili, kwa mfano "njia ya pili inakatika waya ukikunjwa", na siyo "kibovu", ili fundi ajue pa kuanzia na mwenzako wa zamu ijayo asikichukue.

Kama muda unaruhusu, itazame habari yako ikirushwa ukiwa na daftari, na uandike ni picha ipi mhariri aliitafuta akaikosa. Kesho yake muulize kama umekisia sawa. Ukikuta mara kwa mara ni ile ile, tuseme uso wa karibu au picha ya kufungia, iandike kwenye kipande cha utepe na ukibandike pembeni mwa kioo cha kamera.